Fimbo za Mashoto

"Mnunuzi yumo humo ndani. Mpate. Begi lisitoke mlangoni."

Sauti ya Chifu ilikwaruza ndani ya sikio la Nyigu, kwenye kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Nimekupata," Nyigu akajibu, akijifanya anapangusa sinia. Sare ya mhudumu ilimbana kwapani, palipojificha bastola ya Glock.

Mchana kweupe, ukumbi wa klabu ya gofu. Wakubwa walijaa tele, wamekuja kuchangia wodi ya watoto huku wakipigwa picha. Bila kamera wangekuja? Thubutu!

Jukwaani, kando ya dalali, alisimama mdogo wake Nyigu, muuguzi wa wodi hiyo. Yeye ndiye aliyehangaika kuandaa mnada. Wodi ina mashine moja ya kupumulia, na watoto watatu wanapokezana. Mmoja wao ni mtoto wa muuguzi mwenyewe.

Ofisi ya usalama ilijua hayo yote. Bado ikamtuma Nyigu.

"Sasa mzigo wenyewe!" dalali akanguruma. "Siku nzima ya gofu, watu wanne, chakula juu yetu, na begi hili la fimbo mpya kabisa!"

Ndani ya fimbo hizo kulikuwa na viwashio vya mabomu. Mfadhili feki alileta begi kama zawadi. Mpango ulikuwa mwenzake alinunue mnadani, atoke nalo akipigiwa makofi. Watu wana akili za kishetani, jamani.

Mikono ikapanda meza zote.

Dalali, mtu mkweli kupita kiasi, akachomoa fimbo moja na kuigeuza. "Samahani, wapendwa. Hizi ni fimbo za mashoto."

Kicheko. Mikono ikashuka.

Mmoja haukushuka.

Bwana mmoja wa meza ya mbele, saa ya Rolex mkononi. Mlangoni alisaini kwa mkono wa kulia, Nyigu alimwona. Ukumbi ulipomgeukia, akaingiwa na woga, akapandisha bei mara mbili. Kisha mara tatu.

"Mzee, unashindana na kivuli chako?" dalali akatania. "Haya, limeuzwa!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Muuguzi akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Pesa ile ilitosha mashine mpya.

"Chifu, ni yeye," Nyigu akanong'ona. "Mwache alipe kwanza."

"Wenzake wanaingia na gari, wana silaha. Mkamate."

"Kadi ipite tu, Chifu. Nakuomba."

"Nyigu. Sasa!"

Bwana yule alikuwa mbele ya keshia, begi begani. Mashine ya kadi ilikuwa inatafuta mtandao. Nyigu aliitazama, roho ikimuuma kama kidonda.

Akatupa sinia.

Mkono wa jamaa ukapotelea ndani ya koti. Nyigu akausokota, mfupa ukalia. Glock ikamgusa mbavuni.

"Tulia hivyo hivyo."

Nje, breki zikalia, vijana wa ofisi wakafoka, milango ya gari ikafunguliwa kwa mateke. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

"Tumewabeba wote," Chifu akasema. "Kazi safi sana. Mkubwa mwenyewe anakupongeza."

Wafadhili walikuwa wameshayakimbilia magari yao. Dalali alibaki na nyundo yake, akinadi kwa viti vitupu.

Muuguzi akashuka jukwaani. Kwa miaka alikuwa hamuulizi dada yake anafanya kazi gani. Sasa alijua.

"Dada, ungesubiri kadi ipite."

"Pesa yake ni chafu. Kesho ingezuiwa."

"Kesho ningekuwa nimeshanunua!"

Nyigu akairudisha bastola kwapani.

"Usiku huu si zamu ya mwanangu kupata mashine," muuguzi akasema polepole. "Njoo basi umshike mkono, mama mkubwa."

"Nyigu, gari linakusubiri," Chifu akasema sikioni.

Nyigu alivua sare ya mhudumu, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Akavaa miwani myeusi, akatoka kwa mwendo wake uleule wa madaha, hana haraka.

Akaingia garini.