Usisage, Ni Mbegu

Wakati wa likizo, Kalondu alimpelekea baba yake chai kila asubuhi. Baba aliinywa akisikiliza redio, kwa sauti kubwa hata majirani pale Malili walikuwa wameacha kuwasha zao. Asubuhi moja Kalondu alimpa kikombe na kusema, "Baba, Jumapili nitasoma kanisani."

Chai ikamwagika. "Utachoma kanisa?"

"Kusoma," mama akasema huku akicheka. "Amechaguliwa kusoma Biblia."

"Basi aseme vizuri. Mtoto huyu anaongea kama ana uji mdomoni."

Kalondu akafuta chai iliyomwagika. Juzi baba alisema mama ndiye aliyekuwa na uji mdomoni, na kabla ya hapo, mchungaji.

Baba yake, Mbithi, alikuwa amesaga mahindi kwa miaka mingi katika kinu cha Kasyoki. Saa sita Kalondu alimpelekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mashine ilikuwa ikinguruma, na Sista Sauda, muuguzi wa zahanati, alikuwa amesimama hapo na viondo viwili vya mahindi.

"Hii saga," alisema akigusa kiondo kimoja. Kisha akagusa cha pili. "Hii usisage, ni mbegu."

Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akamimina vyote viwili. Kalondu alikimbia kumzuia, lakini mbegu zilikuwa zimeshakuwa unga.

Kasyoki akazima mashine. "Mbithi, umefanya nini?"

"Amesema nisage."

"Nimesema usisage," Sauda akajibu.

"Ungesema hivyo ningesikia. Mimi husikia kila kitu."

Kasyoki akamgeukia Kalondu. "Wewe umesikia nini?"

Kalondu alitazama vidole vyake vya miguu. Akisema kweli, labda baba angefukuzwa. Akidanganya, Sista angeonekana mwongo.

"Amesema usisage," alijibu kwa sauti ndogo. "Baba hasikii vizuri siku hizi."

"Anasema nini?" baba akauliza.

Wateja wote kinuni wakacheka, isipokuwa Sauda.

"Kelele ya mashine hii imemharibia masikio," alisema. "Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za kusikia. Zikishaharibika, ni kama mbegu zangu hizi. Haziwezi kuota tena. Tunaweza tu kulinda zilizobaki. Na sheria, Kasyoki, inakutaka umpe vikinga masikio bure. Mtu akiumizwa na kazi, ana haki ya kudai fidia."

Kasyoki alikuna kichwa. Alimpa Sauda mbegu kutoka ghala lake, na kabla ya wiki kwisha akanunua vikinga masikio na kumpeleka Mbithi hospitali akapimwe. Vijana walipomwona na vikinga vile wakamwita Dijei. Yeye hakusikia.

Jumapili baba alikaa kiti cha mbele kabisa. Kalondu alipomaliza kusoma na kurudi kuketi, baba alimwinamia ili amnong'oneze. Kanisa zima likasikia.

"Kalondu, wewe huna uji mdomoni. Ni mimi sisikii. Niliogopa kufukuzwa kazi, nikanyamaza. Ningesema mapema, masikio yangu yangelindwa mapema."