Twiga Haamui Peke Yake

Foleni ya duka la mikate ilikuwa imefika barabarani, na kila mtu ana haraka zake. Mtu wa ovaroli ya buluu, buti zimejaa vumbi la saruji na kofia ngumu kichwani, akaja akasimama mbele ya kijana muuguzi aliyevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka.

"We kaka, sisi tumewekwa hapa kama mapambo?" muuguzi akafoka.

Mtu yule akavua kofia. Lo! Nywele zilizosukwa zikapendeza, hereni ndogo, macho yanacheka.

"Kaka yako yuko kwenu. Mimi hii ni nafasi yangu, nilitoka kupokea simu tu. Muulize mama huyu."

Mama wa mbele akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akatamani ardhi ipasuke, halafu akalipia mikate ya watu wawili.

Ndivyo walivyoanza. Binti alikuwa dereva wa kreni, ile mashine ndefu ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa pili. Mafundi walimwita Twiga, naye jina hilo alitembea nalo kwa madaha, kwani pale kazini hakuna aliyekaa juu kumzidi. Kila mapumziko ya mchana simu ililia.

"Twiga wangu, mawingu yapo huko?"

"Tele. Nikuchotee?"

"Chota, halafu ushuke nayo mwenyewe."

Jumapili moja, Twiga akiwa ndani ya gauni la kijani, muuguzi alimpeleka mgahawani. Chai ilipoletwa, akaanza.

"Nimehamishiwa hospitali ya mji mwingine. Nataka niondoke na mke wangu. Unasemaje, mpenzi?"

Moyo wa Twiga ulishasema ndiyo. Mdomo ukasema, "Nipe muda nimuulize Mungu."

Tabasamu la muuguzi likazima. "Hilo jibu nalijua. Msichana akisema anakwenda kuomba, ameshakataa. Anatafuta mlango wa adabu wa kutokea."

"Hao ni wengine. Ningekuwa sikutaki ningekwambia hapa hapa, chai ikiwa moto! Sikiliza. Kule juu sioni kila kitu, kuna upande unafichwa na ukuta. Ndiyo maana sinyanyui mzigo mpaka aliye chini anipe ishara. Siku nikijiamini peke yangu, nitaua mtu. Sembuse ndoa?"

"Kwa hiyo mimi ni zege?"

Akaondoka bila kumaliza chai, na simu za mchana zikakatika.

Twiga aliomba asubuhi, akaomba jioni. Alikonda mpaka ovaroli ikamtosha mara mbili. Mama yake akamkalisha jikoni.

"Unamwomba Mungu nini hasa, mwanangu?"

"Aufute uhamisho, mama. Abaki hapa."

"Hee! Hapo hujamuuliza kitu. Umempelekea uamuzi wako apige muhuri. Mimi nimeshakubariki; nenda kamuulize kweli."

Yalimchoma. Kesho yake alfajiri akapiga magoti bila masharti, akasema ukweli huku analia: anampenda yule kijana kufa, lakini anaogopa kushuka kwenye kiti chake cha juu akawe mtu wa kufuata tu. Sauti haikutoka mbinguni. Ila swali moja lilimganda moyoni, likakataa kubanduka: kijana mwenyewe umemuuliza?

Akachukua simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Twiga," sauti ikajibu, baridi.

"Usikate, tafadhali. Uliponiomba, ulitaka niache kazi?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilijiambia."

"Ebo! Nimeshaulizia huko. Karibu na hospitali wanajenga maghorofa, wanatafuta dereva wa kreni. Nilitaka nikwambie siku ile ile, kiburi kikanipanda."

"Mbona hukurudi kusema?"

"Niliona aibu. Wewe ulisema utamuuliza Mungu, mimi nilikuwa hata sijamwomba. Nikaanza kumwomba. Kila nikimaliza naona niache kuwa na haraka, nikungoje."

"Na utangoja mpaka lini?"

"Mpaka useme."

Twiga akajichunguza. Hofu aliitafuta asiione.

"Basi usingoje tena. Moyo wangu umetulia, na mama amenibariki. Nakubali, nitaolewa nawe, na kreni yangu nakuja nayo!"

Upande wa pili ukelele ulipasuka, ukafuatwa na makofi.

"We, uko wapi?"

"Wodini! Nimeshindwa kujizuia. Mzee mmoja hapa anauliza, eti ndiye yule binti anayeendesha kreni?"

Twiga akasimama wima katikati ya chumba, kidevu juu, machozi yakimtiririka.

"Mwambie ndiye."