Zebaki Jikoni kwa Lusia

Kijiji cha Rwamgasa huamka na makarasha. Hizo ni mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zikianza kunguruma, watoto wanajua ni wakati wa shule, na wanawake wanajua uji uwe tayari.

Lusia alikuwa mke wa mchimbaji mdogo aitwaye Masalu. Walikuwa na binti wa miaka mitatu, Nelly. Waliishi na mama mzazi wa Masalu, bibi mwembamba aliyeongea Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili. Lusia alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Masalu alichimba, akasaga mawe, akaosha mchanga wake mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, pamoja na wenzake. Kisha alichanganya mchanga na zebaki, ile metali inayong'aa na kutiririka kama maji. Zebaki hukamata dhahabu, na vyote viwili huwa donge moja la kijivu. Donge likichomwa motoni, zebaki hutoka kama mvuke. Dhahabu hubaki.

Wenzake walichomea palepale mwaloni. Masalu hakupenda.

"Ukichomea kule, kila mtu anajua umepata nini," alisema. "Na macho ya wengine si mazuri. Mimi nachomea kwangu."

"Kwangu" maana yake ni jikoni. Na mchomaji alikuwa Lusia.

Alikuwa fundi kweli. Aliweka donge kwenye kikaango kidogo, akakiweka juu ya jiko la mkaa. Alijua lini apulize moto na lini auache. Masalu alimsifu kila mahali. "Mke wangu ana mkono! Donge likipita kwake linatoka njano kama kiini cha yai." Lusia alijifanya hasikii, lakini moyoni alijaa furaha.

Akimaliza kuchoma, alifungua dirisha na kunywa kikombe cha maziwa. Watu wote walisema maziwa yanaondoa sumu. Kisha kwenye jiko lilelile alisonga ugali wa jioni.

Lusia alikuwa na jambo jingine la kujivunia. Mara tatu kwa wiki, jua likianza kupoa, alikwenda shule ya msingi kwenye darasa la watu wazima. Alianza bila kujua hata herufi ya jina lake. Sasa alisoma sentensi nzima, polepole, kidole kikitembea chini ya maneno.

Lakini mwezi ule mambo yaliharibika. Mwalimu wake, Cornel, alishika daftari lake na kulitazama kwa muda.

"Mama Nelly, mwandiko wako ulikuwa umenyooka. Mbona sasa unapanda na kushuka?"

"Kalamu mbovu, mwalimu."

Mwalimu akampa kalamu yake. Herufi zikaendelea kucheza. Lusia aliutazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka.

Kichwa nacho kilimuuma kila siku. Mdomoni alisikia ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Usingizi haukuja. Alimfokea Nelly kwa kijiko kilichoanguka, kisha akalia kwa sababu alikuwa amemfokea.

Nyumbani mama mkwe alimwona akimwaga chai.

"Mikono hiyo naijua," alisema. "Umetupiwa kitu. Tutafute mtu wa kukutazama."

"Labda ni mimba tu, mayu," Lusia alijibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Kesho nina siku yangu ya kliniki. Nitauliza."

Kesho yake alikaa kliniki mbele ya nesi Generosa. Nesi alimpima mapigo na uzito, akasikiliza mimba. Lusia akamweleza habari ya mikono, kichwa na ladha ya chuma. Nesi alifungua kitabu kilichokuwa mezani, akapitisha jicho kwenye ukurasa, kisha akauliza.

"Nyumbani kwenu kuna mtu anayechoma dhahabu?"

Lusia akatabasamu. "Yupo. Ni mimi mwenyewe, dada. Nachoma vizuri kuliko wanaume."

Nesi hakutabasamu. "Unachomea wapi?"

"Jikoni."

"Sikiliza, Mama Nelly. Mvuke wa zebaki ni sumu. Huuoni wala husikii harufu yake. Unaingia kwa pumzi, unakwenda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana nina wasiwasi na hiyo mikono."

"Lakini nafungua dirisha."

"Dirisha halitoshi. Mvuke ukipoa unatua ukutani, kwenye paa, hata kwenye unga wa ugali."

"Nikijifunga kanga puani?"

"Mvuke unapita kwenye kitambaa."

"Na maziwa nakunywa kila mara!"

"Endelea kuyanywa, ni chakula kizuri. Ila hayaondoi zebaki mwilini."

Lusia aliweka mkono tumboni. Swali lililobaki lilikuwa moja tu, na aliogopa kulitoa.

"Na huyu?"

Nesi akasogeza kiti karibu. "Zebaki inaweza kumfikia mtoto tumboni. Yeye na Nelly ndio walio kwenye hatari kubwa, kwa sababu ubongo wao bado unakua. Siwezi kukuambia ameumia. Wala siwezi kukuambia hajaguswa. Ninachojua ni hiki: ukiacha leo, hatari yake inapungua kuanzia leo. Tutachukua mkojo wako na wa Nelly upimwe maabara. Nitakufuatilia mwenyewe."

Akakigonga kile kitabu kwa kidole. "Huu ni mwongozo wetu sisi wahudumu wa afya. Kabla haujaletwa, ningekupa dawa ya kichwa uende zako. Sikujua kwamba natakiwa kuuliza habari za kazi. Na nyinyi wachimbaji mmeletewa cha kwenu." Akatoa kijitabu chembamba chenye picha. "Unajua kusoma, au nikusomee?"

Miaka miwili nyuma Lusia angeinamisha macho. Siku ile aliyainua.

"Nipe, dada. Nasoma polepole, lakini nasoma."

Mchana ule Masalu alirudi akiimba. Alifungua kitambaa juu ya meza. Ndani kulikuwa na donge kubwa kuliko yote aliyowahi kuleta.

"Mama Nelly, washa jiko!"

"Sichomi."

"Unaumwa? Basi nitachoma mwenyewe, wewe nielekeze."

"Humu ndani hachomi mtu, Baba Nelly. Sio mimi, sio wewe."

Masalu akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Nani kakujaza maneno? Baba yangu alichomea ndani ya nyumba hii hii miaka ishirini."

"Kaa nikusomee."

"Nina kazi mimi."

"Kaa chini!" Ilikuwa sauti ya mama yake, kutoka mlangoni. "Mwanamke anasoma, wewe una kazi gani ya kukushinda kukaa?"

Masalu akakaa. Lusia akafungua kijitabu. Mkono ulitetemeka, kwa hiyo akakilaza mezani na kukikandamiza kwa kiganja. Alisoma neno kwa neno. Kila sentensi aliigeuza kwa Kisukuma ili mama mkwe asikie.

"Dalili za sumu ya zebaki. Mikono kutetemeka. Kichwa kuuma. Kukosa usingizi. Kusahau. Hasira za... hasira za mara kwa mara."

"Rudia," mama mkwe alisema.

Lusia akarudia.

Bibi alikuwa amesimama. Sasa alishika ukuta, akakaa taratibu kwenye mkeka. "Mikono kutetemeka. Kusahau. Hasira. Huyo ni mume wangu. Masalu, baba yako mwishoni alishindwa kushika kikombe. Alisahau jina langu. Tukasema karogwa. Tukamnyooshea kidole jirani yetu Maganga. Miaka tisa sijampa mtu yule salamu."

Nelly alikuwa akicheza chini ya meza na mfuniko wa chupa.

"Hatuwezi kujua kwa hakika, mayu," Lusia alisema kwa upole. "Kitabu kinasema magonjwa mengine pia yanaleta dalili hizi. Ndiyo maana mtu anapimwa."

Masalu alimtazama mama yake. Akamtazama mke wake, mikono yake, tumbo lake. Kisha akachukua donge, akalifungia kwenye chombo chenye mfuniko, akatoka nalo nje.

"Kitabu kinasema tuchomee wapi?" aliuliza akiwa uani.

Kijitabu kilikuwa na jibu na picha yake. Ni chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana. Juu kina bomba linaloinama hadi kwenye maji. Mvuke hupita bombani, ukapoa, ukageuka tena kuwa zebaki. Chombo hicho hutumiwa mahali pa wazi, mbali na nyumba, wajawazito na watoto wakiwa mbali. Kikundi cha wachimbaji kilikuwa nacho kimoja. Kilikaa stoo, kimejaa vumbi, kwa sababu hakuna aliyejua kukitumia.

Kesho yake Masalu alikwenda mwaloni na kijitabu mfukoni. Yeye naye hakuwa msomaji hodari. Asubuhi ile Lusia alikuwa amemsomea mara tatu mpaka akashika kila hatua. Rafiki yake Marwa alimwona akisafisha chombo.

"Oyaa, Masalu! Siku hizi kitabu cha mkeo ndicho kinakupangia kazi?"

"Ndiyo. Wewe wako anakusomea nini?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Lakini tone la kwanza la zebaki lilipodondoka kutoka bombani, Marwa alisogea karibu. Matone yakaongezeka. Zebaki ambayo zamani ilipotelea kwenye pumzi za watu sasa ilikuwa imelala chini ya maji, inaweza kutumika tena.

"Kumbe tulikuwa tunaivuta yote hii?" Marwa aliuliza.

"Na wake zetu na watoto," Masalu alisema.

Kuhusu usafi wa jikoni, nesi alikuja nyumbani kuwaelekeza. Lusia na Nelly walihamia kwa Rhoda, jirani yao, kwa siku chache. Masalu alifuta kuta na sakafu kwa kitambaa chenye maji, bila kufagia, kwa sababu ufagio unatimua vumbi lenye sumu. Jiko la zamani na kile kikaango havikurudi kwenye chakula. Unga uliokuwa wazi ulitupwa. Tangu hapo Masalu alivua nguo za kazi na kuoga kabla ya kuingia ndani.

Siku hizo hizo bibi alijifunga kitenge chake kizuri, akaenda kwa Maganga. Alikaa huko hadi adhuhuri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na kuku aliyepewa na Maganga.

Majibu ya maabara yalikuja. Zebaki ya Lusia ilikuwa juu, ya Nelly kidogo. Nesi aliwapima tena baada ya miezi miwili, na zote zilikuwa zimeshuka. Kichwa kiliacha kuuma. Mikono ilitulia kidogo kidogo. Wanawake wa mwaloni walianza kuja Jumapili baada ya ibada, na Lusia aliwasomea kijitabu uani. Wengine walikuwa wachomaji kama yeye.

"Mama Nelly, rudia pale pa maziwa," walimwambia. Pale palibishaniwa kila wiki.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akilia kwa nguvu. Nesi Generosa alimkagua mwili mzima, kichwa hadi unyayo. "Leo sioni tatizo," alisema. "Tutaendelea kumtazama anavyokua. Mlete kila mwezi, mnyonyeshe." Lusia alimshika mwanawe, akampa ziwa.

Siku ya nne Marwa alikuja kumpongeza rafiki yake. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi hadi kope, mikono imenyooshwa mbele.

"Yuko wapi huyo dume? Nileteeni nimbebe!"

Bibi alisimama katikati ya mlango. Mlango ule ulikuwa mpana, lakini siku hiyo Marwa hakuona pa kupita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaoge."

"Mama, mimi si mgeni hapa!"

"Kaoge, ubadili nguo, ndipo uje umbebe mjukuu wangu. Vumbi la zebaki haliingii humu."

"Lo! Nani kasema hayo?"

Bibi aliinua kidevu. Kiswahili chake kilikuwa kizito, lakini kila neno lilifika hadi barabarani.

"Kitabu kimesema. Na aliyenisomea ni mkwe wangu."

Ndani ya nyumba Lusia alisikia. Akamvuta mtoto karibu na kifua, akacheka peke yake. Nje, Marwa alikuwa tayari anaomba ndoo ya maji.