Gitaa Halilimi

"Usiniambie ni baba yangu atakayepiga zeze."

"Ndiye, Nyamizi." Anton alikuwa anakaza nyuzi za gitaa ambazo zilishakazika. "Bwana Utamaduni kasema redio hairekodi dansi tupu, lazima tutie na cha kwetu. Kaulizia mpiga zeze hodari, akatajiwa Mzee Lugembe wa Tura."

"Na wimbo ni ule ule?"

"Ule ule."

Nilitamani kumpiga kwa kiatu. Mwaka uliopita alileta posa kwetu, baba akamjibu mbele ya washenga: "Gitaa halilimi. Mwanangu hatakula nyuzi." Anton, badala ya kumeza uchungu wake kama watu wengine, akaufanya kiitikio. Mtaa mzima wa Isevya uliucheza huku ukifuta machozi. Baba tu ndiye ambaye hakuwahi kuusikia, na sasa angeusikia mbele ya gari la redio kutoka Dar es Salaam.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nilikuwa nachukuliwa na Mayala, mchumba niliyechaguliwa na baba. Telegramu yake niliifunga kwenye pindo la kanga: NATOKA KALIUA JUMAMOSI KWA TRENI. BINTI AWE TAYARI.

"Badilisha maneno, Anton."

"Niimbe nini basi? Hayo ndiyo yaliyonipata."

"Baba akikasirika ataondoka na zeze lake. Hamtarekodi, na mimi Jumamosi nimekwisha."

"Jumamosi umekwisha hata nisipoimba," alisema taratibu.

Nilikaza fundo la kanga.

Baba akaingia ukumbini na zeze lake kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe umefuata nini huku?"

"Nimewaletea wanamuziki uji."

Uongo mtupu, hata sufuria sikuwa nayo. Baba alinitazama mikono, akaenda kukaa mbele ya kipaza sauti.

Fundi wa redio akainua kidole. Gitaa likaanza, zeze likaingia chini yake, na vilipokutana niliona hata Bwana Utamaduni kainamisha kichwa akisikiliza. Anton akafumba macho akaimba:

"Nilikwenda kwa adabu, nimerudi na aibu,
Mzee kanipa jibu, gitaa halilimi..."

Zeze likanyamaza.

"Simamisheni," baba alisema. "Kijana, haya maneno kakupa nani?"

"Wewe, mzee."

Baba akaweka zeze chini, akamsogelea.

"Hebu nipe mkono."

Anton akaunyoosha. Baba akaugeuza, akapapasa kiganja kwa kidole gumba, polepole.

"Sugu hizi si za gitaa."

"Si za gitaa, baba. Tangu mvua za kwanza nimejiandikisha kijiji cha ujamaa, njia ya Kaliua. Nina ekari mbili za karanga. Siku nne nalima, tatu napiga."

Kumbe. Siku nne hizo asizoonekana mjini, mimi nilishampa mwanamke mwingine kichwani mwangu, hata sura nilishamchorea.

"Mbona hukurudi kuniambia?"

"Nilitaka nivune kwanza. Mdomo wangu ulikuwa umeshaniponza."

Baba akanigeukia mimi.

"Babu yako mzaa mama aliniambia zeze halijengi nyumba. Nililia njia nzima mpaka Tura."

"Hukuwahi kutuambia, baba."

"Aibu haisimuliwi." Akaliweka zeze begani, akamwambia fundi, "Anza upya. Na maneno yabaki hivyo hivyo."

Walirekodi mara moja tu. Anton alilia kwenye ubeti wa mwisho, baba akajifanya hakuona.

Tulipotoka, baba alinyoosha mkono.

"Ile telegramu ya Mayala nipe. Tunakwenda posta."

Nilifungua fundo la kanga nikampa, nikamfuata. Pale dirishani karani alichovya kalamu, akasubiri. Baba akamtajia neno moja moja, asikosee:

"MAYALA USIPANDE TRENI. GITAA LINALIMA."