Sahani ya Jamil

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, lakini kisanduku kipya cha intaneti kiliendelea kupepesa taa zake tatu za kijani. Salama alikitazama huku akichambua dagaa, ndagala za ziwani, kisha akaendelea na kazi. Alikuwa ameacha kushangaa tangu treni iliyomchukua mumewe Jamil, mfanyakazi wa reli, kwenda Nyunzu ilipokosa kurudi, miaka miwili sasa. Vita vilimfundisha kupika, kufagia na kutohisi kitu.

Kisanduku kilikuwa cha shemeji yake Twahiri, mwagizaji wa bidhaa kutoka Kigoma, aliyehamia kwake ili nyumba isikose mwanamume. Zamani Twahiri aliunganisha kompyuta na simu ya satelaiti: ikapiga, ikalia kama paka aliyebanwa na mlango, ikavuta barua mbili tatu, akaikata. Wiki hiyo alikuwa amesimamisha dishi uani, na kujigamba kwake kukawafikia hata majirani wasiojua kompyuta ni nini.

"Mama Yasmine, hii njo mambo ya sasa. Ile tulikuwa tunapiga, tunakata. Hii iko wazi muchana na usiku."

"Wazi kwa nani?" Salama akauliza.

Twahiri akacheka.

Sasa, Salama alikuwa na ukaidi wake. Alikataa kukaa matanga. Hakuna maiti, hakuna matanga, alisema, na kila adhuhuri alimpakulia Jamil ugali wa bukari na samaki, akafunika, akaweka mahali pake mkekani. Alasiri chakula kilienda kwa kuku. Majirani walisengenya mpaka wakachoka.

Siku ya tatu ya dishi, alipofunua sahani aliikuta tupu, imelambwa, na baridi ya kuuma vidole. Akadhani ni paka. Kesho yake sebule ilinuka mafuta ya mazutu na jasho, harufu ya shati la Jamil akitoka stesheni, na katika spika za kompyuta iliyozimwa ikatoka pumzi, kisha sauti yake hasa.

"Salama, ongeza kidogo."

Akaongeza. Hakuogopa wala hakufurahi.

Kufika Ijumaa sauti ilikuwa ikiomba mara tano kwa siku, na harufu imeingia mpaka kwenye mito ya kitanda, na Yasmine, binti yao wa miaka sita, akawa anatafuna na kumeza kila alichopewa na bado anakonda, mbavu zikahesabika, macho yakazama, mpaka asubuhi hiyo akamvuta mama yake kanga na kumnong'oneza sikioni:

"Mama, ile nakula, Papa anaikula mu tumbo yangu."

Hapo Salama akaogopa, na hofu yenyewe ilikuwa kavu, haina hata jasho. Alimwita Twahiri. Twahiri akang'oa waya zote. Taa zikaendelea kupepesa. Basi Twahiri akamkimbilia Mwalimu Jumaa msikitini, naye akaja na ubani wake, akaiona sahani, akatikisa kichwa.

"Dishi ilifungua njia tu," alisema kwa sauti ya chini. "Kilichopita kilikuta nafasi imetandikwa. Sema mbele yetu kwamba Jamil alikufa. Tusome hitima, uanze eda. Kitakosa pa kukaa."

"Na kama kaka iko muzima?" Twahiri akanong'ona.

Salama alikuwa akiliogopa swali hilo miaka yote miwili. Kama Jamil yu hai mahali fulani porini, atakuwa amemzika kwa mdomo wake mwenyewe. Akamtazama Yasmine, aliyelala mkekani mdomo wazi.

"Salama," sauti ikabembeleza spikani, "usiseme."

"Jamil amekufa," Salama akasema.

Taa zikazimika, moja, ya pili, ya tatu. Mwalimu akasoma kwa nguvu, moshi wa ubani ukajaa chumba, na pale walipodhani yamekwisha, spika zilizong'olewa waya zikasema kwa sauti ambayo haikuwa ya Jamil wala ya mtu yeyote:

"Nilimukuta chini ya daraja, mbele kidogo ya Nyunzu. Siku tatu alikuwa anakuita. Njo nikaitika mimi."

Yasmine akafumbua macho, akasema anasikia njaa.

Salama aliingoja huzuni, haikuja.

"Mwalimu, leo tarehe ngapi?" akauliza, akaanza kuhesabu kwa vidole miezi minne na siku kumi.