Jeraha la Begani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kutia chumvi. Dada yake alikuwa na zamu ya usiku kiwandani, akamwomba alale na binti yake wa miaka mitatu.

"Usiku hushtuka akipiga mayowe," dada alimwonya. "Usimwamshe. Mshike tu asijigonge, atatulia."

Fundi akacheka. "Katoto haka ndiko ka kunitoa jasho mimi?"

Usiku wa manane mayowe yakapasua giza. Umeme ulikuwa umekatika. Fundi akaifuata sauti akipapasa, maana mtoto alikuwa akijibamiza kichwa ukutani, pu, pu, pu. Akamkumbatia kwa nguvu.

"Mama mdogo nipo, mwanangu. Nipo."

Mtoto akampiga teke la tumbo, akamparura uso, kisha akamuuma begani, akang'ang'ania. Fundi alisikia nyama yake ikichanika na damu ikimtiririka mgongoni, lakini hakumwachia asije akajiumiza. Aliimba huku akilia, mpaka mwili ule mdogo ukalegea.

Kulipokucha, mtoto aliamka akicheka, hakumbuki lolote. Fundi akaenda zahanati kushonwa.

Muuguzi alilisafisha jeraha, akaenda kufunga mlango.

"Mwenzangu, usinifiche. Nani anakufanyia haya nyumbani?"

"Ni mtoto tu, wa miaka mitatu. Alikuwa usingizini."

Muuguzi hakubishana. Alimshikia kioo, fundi akageuza shingo kutazama. Begani palikuwa na duara pana la meno ya mtu mzima, kamili, hadi magego ya mwisho.