Nondo Penye Kaburi la Hilda

Pipa la unga lilianza kumuuma Benedikta wiki ileile aliyoolewa. Halikuwa na waya wa umeme. Lilikaa tu juu ya mbao, kando ya bomba la plastiki la mashine ya kusaga, wala halikugusana nalo. Ila akilishika tu, kidole kinaruka.

"Hapa pana jini, Mwalimu," alimnong'oneza mumewe.

Enos, mwalimu wa fizikia pale Kiabakari, hakucheka. "Ni umeme tuli. Unga ukisugua bomba, bomba linapata chaji. Chaji hiyo inazisukuma za pipa bila hata kuligusa. Ukilishika, zinakimbilia kwako. Tukilifunga waya mpaka ardhini, zinaisha."

Jioni hiyo alilifunga. Kiangazi kilikuwa kimekausha ua wote, nondo ya chuma ya kushikia waya ikagoma kuingia ardhini, isipokuwa penye udongo laini, pembeni ya kaburi la Hilda, mke wa kwanza. Akaigongea hapo.

Hilda naye aliumwa sana na pipa hilo. Alilalamika msimu mzima, Enos akamcheka mbele za wateja, akamwita mshamba, mpaka siku cheche iliporukia vumbi la unga, chumba kikalipuka naye akiwa ndani. Huyu mpya kasema mara moja tu, kapata waya. Inauma, hata kwa aliyezikwa.

Pipa likanyamaza. Lakini Jumapili mchana, umeme umekatika na mashine imelala, Benedikta alisikia waya unatetemeka, ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha sauti ndogo, kavu, ikipanda kutoka chini, ikiufuata waya mpaka ndani ya pipa, ikirudia bila kupumua, linaniuma Mwalimu, linaniuma Mwalimu, linaniuma.

Enos alikimbilia nondo, akaivuta kwa mikono miwili. Ikapanda kidogo, kisha ikavutwa kurudi chini.

"Nisaidie," alihema. "Kuna mtu ameishika huku chini."

Benedikta hakusogea. "Alikuwaga anakwambia hivyohivyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukacheka."

"Nilidhani ni ushamba tu."

"Usiing'oe, Mwalimu. Ukiing'oa, nitaungua mimi." Alimtazama kwa uchungu mtupu. "Mwache apande. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimesharudi zamani."

Akaingia ndani, akatia komeo.

Pale kaburini Enos alijaribu kuiachia nondo. Vidole havikufunguka.